Katiba Ikikataza Kukopa

Tarehe 15 Novemba 2023, majaji wa Mahakama ya Katiba ya Ujerumani walikaa mjini Karlsruhe na kusoma hukumu iliyoinyang'anya serikali yao euro bilioni 60. Fedha hizo hazikuwa zimeibwa wala kufujwa. Kusema kweli, hazikuwa hata zimekopwa. Zilikuwa ruhusa ya kukopa ambayo Bunge liliitoa mwaka 2021 kwa ajili ya janga la korona. Ruhusa hiyo haikutumika yote, na serikali mpya ya Kansela Olaf Scholz ilipoingia madarakani ikaihamishia kwenye mfuko wa tabianchi, ili katika miaka iliyofuata igharimie ukarabati wa majengo, reli na viwanda vya kisasa. Wabunge 197 wa upinzani, wa vyama ndugu vya CDU na CSU, wakaenda mahakamani.

Majaji waliwapa ushindi kamili. Mkopo wa dharura, walisema, lazima ufungamane na dharura yenyewe, na serikali haikueleza vya kutosha jinsi korona na mfuko wa tabianchi vinavyohusiana. Tena mkopo huo ni wa mwaka ambao dharura imetangazwa. Hauwekwi akiba kwa ajili ya miaka ya mbele. Na bajeti ya nyongeza ya mwaka 2021 haikustahili kupitishwa mwaka 2022, hesabu za mwaka wake zikiwa zimekwisha kufungwa. Sheria nzima ya bajeti hiyo ikabatilika.

Siku chache baadaye Wizara ya Fedha ilizizuia karibu wizara zote kuingia ahadi mpya za matumizi. Katikati ya Desemba ruzuku kwa wanunuzi wa magari ya umeme ilikatwa ghafla. Serikali ikatangaza pia kuondoa nafuu ya kodi kwenye dizeli ya wakulima, na wakulima wakapanda matrekta yao, wakaenda kuyaegesha mbele ya Lango la Brandenburg mjini Berlin. Ubishi wa kukopa au kutokukopa haukuisha hapo. Tarehe 6 Novemba 2024 Scholz alimfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner, na serikali ya vyama vitatu ikavunjika.

Hii ndiyo nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote barani Ulaya, nchi ambayo wakopeshaji duniani huiona salama kuliko karibu nyingine yoyote. Hakuna mkopeshaji aliyeikataa. Kilichoizuia ni katiba yake yenyewe. Nimeichagua kwa ajili ya sura hii kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo ambalo wanaodai bajeti isawazishwe kikatiba hawalisemi sana: kifungu cha namna hiyo hakimalizi ubishi wa fedha. Kinauhamisha tu, kutoka kwa wabunge waliochaguliwa juzi hadi kwa majaji, kwa wakadiriaji wa uchumi, na kwa theluthi moja ya wabunge wenye uwezo wa kusema hapana.

Wajerumani hawakuanza jana kuweka mipaka ya kukopa. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1969 yaliiruhusu serikali kuu kukopa kiasi kisichozidi fedha inazowekeza. Msingi wake ulikuwa wa haki: daraja likijengwa leo litavukwa na watu wa miaka hamsini ijayo, basi na wao wachangie kulilipia. Lakini kanuni hiyo ilikuwa na kasoro mbili kubwa. Kwanza, uwekezaji ulihesabiwa kwa jumla, bila kutoa uchakavu wa vile vilivyojengwa zamani. Serikali iliweza kuacha reli zichakae, ikajenga jengo jipya, na kwenye vitabu ikaonekana imewekeza. Pili, mpaka ungeweza kuvukwa pale uchumi wa taifa ulipopoteza mizani, na aliyetamka kwamba umepoteza mizani ni serikali ileile iliyotaka kukopa, ikiungwa mkono na wabunge wake. Mlango uliowekwa kwa ajili ya siku ya mafuriko ukawa wa kupita kila siku.

Deni likapanda katika miaka ya 1970, likapanda tena baada ya Ujerumani mbili kuungana mwaka 1990. Upinzani uliishtaki bajeti ya mwaka 2004 mahakamani Karlsruhe ukidai serikali imevunja mpaka. Julai 2007 majaji walilikataa shauri, kwa kuwa maneno ya katiba yalikuwa mapana mno kuwapa cha kushika, ila wakaonyesha wazi kwamba kanuni yenyewe inahitaji kutengenezwa upya. Huo ulikuwa mwaliko, na wanasiasa waliuitikia.

Mwaka uliofuata mabenki yalianza kuporomoka. Desemba 2008, kwenye mkutano mkuu wa chama chake mjini Stuttgart, Kansela Angela Merkel alimtaja mama mwenye nyumba wa Swabia, mkoa unaosifika kwa ubahili, ambaye angetwambia kwamba mtu hawezi kuishi daima kwa kutumia kuliko anachopata. Mfano huo ulipendwa sana, nami naelewa kwa nini. Lakini ulificha tofauti ya msingi: familia ina watu wanaozeeka na kustaafu pamoja na kipato chao, wakati dola inaendelea kukusanya kodi kizazi baada ya kizazi. Hata huyo mama wa Swabia, nyumba yake huenda alijengewa kwa mkopo wa benki.

Wakati huo SPD, chama cha Scholz, na CDU walikuwa serikalini pamoja, na waziri wa fedha, Peer Steinbrück wa SPD, aliipigania kanuni mpya kwa nguvu zote. Tarehe 29 Mei 2009 Bundestag, bunge la taifa, iliipitisha kwa kura 418, kumi tu zaidi ya theluthi mbili zilizohitajika. Ikaingia kwenye vifungu vya 109 na 115 vya katiba, na wananchi wakaizoea kwa jina la breki ya madeni. Kuanzia mwaka 2016 serikali kuu isingezidi nakisi ya kimuundo ya asilimia 0.35 ya pato la taifa kwa mwaka. Majimbo, kuanzia mwaka 2020, hayakuachiwa hata hiyo. Kwao nakisi ya kimuundo ilikuwa sifuri.

Neno hilo, kimuundo, limebeba mzigo mkubwa kuliko linavyoonekana. Uchumi ukidorora, kodi hupungua na malipo ya wasio na kazi huongezeka, kwa hiyo nakisi hupanuka bila waziri kufanya kosa lolote. Breki inamruhusu asiihesabu sehemu hiyo, na uchumi ukistawi inamdai airudishe. Lakini ili kujua sehemu ipi imeletwa na mdororo, ni lazima kwanza ujue uchumi ungezalisha kiasi gani kama mambo yangekuwa ya kawaida. Kiasi hicho hakipimwi popote. Hukadiriwa kwa kanuni za kitakwimu zilizokubaliwa katika Umoja wa Ulaya, na makadirio hurekebishwa baadaye, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya fedha kutumika au kuzuiwa. Mabilioni ya euro hupatikana au hupotea kwa mtaalamu kubadilisha njia ya kukadiria, na mwananchi aliyepiga kura hana habari kwamba lolote limeamuliwa.

Kwa nini basi waliiweka kwenye katiba badala ya kuiacha kwenye sheria ya kawaida? Msomaji wa Nairobi hahitaji maelezo marefu. Kenya ilikuwa na kikomo cha deni cha asilimia 50 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa. Mwaka 2019 kikageuzwa kuwa shilingi trilioni 9, mwaka 2022 kikapandishwa hadi trilioni 10, na mwaka 2023 kikarudishwa kwenye asilimia, safari hii 55, na nafasi ya kuyumba juu yake. Katiba ya mwaka 2010 inadai uwazi na mgawanyo wa haki wa mizigo kati ya kizazi hiki na kijacho, lakini namba yenyewe iliachwa mikononi mwa Bunge, na wingi wa kawaida wa kura unatosha kuisogeza. Wajerumani walitaka namba ambayo serikali yenye wingi wa kawaida isingeweza kuigusa. Hilo walilipata, na gharama yake nitaifikia.

Kwanza niipe breki haki yake. Mwaka 2014, chini ya waziri wa fedha Wolfgang Schäuble, serikali kuu ya Ujerumani ilimaliza mwaka bila deni jipya, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1969, na ikaendelea hivyo hadi 2019. Deni la umma lililokuwa limepita asilimia 80 ya pato la taifa mwaka 2010 likashuka chini ya 60. Korona ilipoingia, Ujerumani ilikuwa na nafasi ya kukopa ambayo Italia haikuwa nayo. Iliitumia bila kuogopa: mwaka 2021 peke yake serikali kuu ilikopa zaidi ya euro bilioni 200. Anayedai kwamba kujibana kote kule kulikuwa upumbavu mtupu hajaangalia hesabu za nchi zilizoingia kwenye janga zikiwa zimekwisha kukopa hadi shingoni.

Sasa upande wa pili. Agosti 2019 Ujerumani iliuza hatifungani za miaka thelathini zisizolipa riba hata senti, na bado wanunuzi walizilipia kwa bei iliyozidi kile watakachorudishiwa. Dunia ilikuwa tayari kuilipa serikali hiyo kwa kibali cha kuikopesha. Serikali ikashikilia bajeti isiyo na deni jipya. Wakati huohuo, kwenye barabara kuu namba 45 karibu na Lüdenscheid, daraja la Rahmede lililojengwa miaka ya 1960 lilikuwa likichoka chini ya malori. Desemba 2021 lilifungwa. Mei 2023 lililipuliwa kwa baruti. Kwa miaka kadhaa malori ya eneo lenye viwanda vingi vya vyuma yalilazimika kupenya katikati ya mji huo mdogo, mchana na usiku, mbele ya madirisha ya watu.

Nisiibebeshe breki ya madeni mzigo wote wa Rahmede. Taratibu za kupanga ujenzi Ujerumani ni ndefu mno, na serikali za mitaa zilikuwa zimepunguza wahandisi kwa miaka mingi kabla ya 2009. Zaidi ya hayo, waziri ambaye hakuruhusiwa kukopa angeweza kupandisha kodi au kupunguza matumizi mengine ili daraja litengenezwe. Lakini ukimpa mwanasiasa njia tatu, apandishe kodi leo, apunguze ruzuku leo, au aache daraja lichakae kimya hadi amalize muhula wake, unajua atakayoichagua. Kanuni ya 2009 ilihesabu kila euro iliyokopwa na haikuhesabu nguzo hata moja iliyooza. Kasoro ya 1969 ilikuwa kutoa thawabu kwa kila kilichoitwa uwekezaji. Waliokuja baadaye wakaondoa tofauti yoyote kati ya kukopa kwa ajili ya reli na kukopa kwa ajili ya mishahara, na nadhani hapo ndipo walipokosea zaidi. Mtoto atakayerithi nchi isiyo na deni lakini yenye madaraja yaliyofungwa amerithi deni vilevile, ila halimo kwenye kitabu chochote.

Kanuni isiyopinda hutafutiwa njia ya kuizunguka. Breki ina kifungu cha dharura: janga la asili au hali isiyo ya kawaida iliyo nje ya uwezo wa dola, ikithibitishwa na wingi wa wabunge wote, huruhusu kukopa zaidi, mradi kuwe na mpango wa kulipa. Kifungu hicho kilitumika mwaka 2020, 2021 na 2022. Baada ya hukumu ya Karlsruhe kikatumika tena kwa mwaka 2023, na Bunge lilikipitisha Desemba, mwaka ukiwa umebakiza wiki mbili. Kando yake ikajengwa mifuko maalumu. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, katiba iliongezewa maneno ya kuruhusu mfuko wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi, nje ya hesabu ya breki. Ile namba 0.35 ilibaki imeandikwa mahali pake, lakini fedha kubwa zilianza kupita kwingine.

Wamarekani waliyaona baadhi ya haya wakiwa bado kwenye mjadala. Mwaka 1995 Baraza la Wawakilishi lilipitisha pendekezo la kurekebisha katiba ya nchi hiyo, kwamba matumizi yasizidi mapato isipokuwa sehemu tatu kati ya tano ya wajumbe katika kila baraza wakubali. Kura zilikuwa 300 kwa 132. Likabaki Baraza la Seneti. Seneta Sam Nunn wa Georgia aliuliza swali lililokuwa na uzito kuliko mengine yote: serikali ikivunja kifungu hiki, nani atailazimisha kutii? Jaji mmoja wa wilaya ataamuru kodi ipandishwe, au pensheni zikatwe? Hakukubali kuliunga mkono pendekezo hadi liongezwe sharti la kuzifungia mahakama nje, isipokuwa Kongresi yenyewe iziruhusu kwa sheria. Sharti likaongezwa. Basi kikabaki kifungu cha katiba ambacho mlinzi wake angekuwa Kongresi ileile ambayo kifungu kilikusudiwa kuibana.

Tarehe 2 Machi 1995 pendekezo lilikosa kura moja. Mrepublican pekee aliyelipinga alikuwa Mark Hatfield wa Oregon, mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya Seneti. Aliona kwamba kusawazisha bajeti ni kazi ambayo wabunge wanaweza kuifanya wenyewe wakiwa na nia, na kwamba katiba haitawapa nia wasiyokuwa nayo. Kabla ya kura alikuwa amejitolea kujiuzulu ili asiwe kikwazo. Kiongozi wake, Bob Dole, hakukubali. Mwaka 1997 pendekezo lilirudi, likakosa tena kura moja. Kisha, kati ya mwaka 1998 na 2001, bajeti ya Marekani ikawa na ziada bila kifungu chochote. Ziada hiyo haikudumu, na anayetaka kifungu ana haki ya kulikumbusha hilo.

Swali la Nunn ndilo Wajerumani walilijibu kwa njia nyingine. Waliziachia mahakama nguvu zote, na matokeo yake yalikuwa ile Novemba ya 2023. Sisemi majaji walikosea. Nimesoma hoja zao na naona walitafsiri kwa uaminifu kile kilichoandikwa. Serikali ya Scholz ilijaribu kweli kubeba ruhusa ya janga moja na kuitumia kwa jambo lingine. Ila jaji hana uwezo wa kusema: ondoeni hiki, ongezeni kile, ahirisheni kingine. Anachoweza ni kubatilisha. Bajeti ikikatwa hivyo, mkato huangukia palipo karibu na kisu, na mara hii ulimwangukia mkulima na dizeli yake.

Waswisi wameenda kwa utulivu zaidi. Wananchi wenyewe waliipitisha breki yao kwa kura ya maoni tarehe 2 Desemba 2001, takribani asilimia 85 wakiunga mkono, na tangu ianze kutumika mwaka 2003 deni la serikali yao kuu lilipungua kwa zaidi ya faranga bilioni 20 kabla ya korona. Lakini huko mwananchi huitwa hadi mara nne kwa mwaka kupiga kura juu ya mambo ya nchi yake, na sehemu kubwa ya matumizi ya umma imo mikononi mwa majimbo na manispaa. Kifungu kilikuta desturi iliyokwishaota mizizi.

Mimi nataka mipaka ya kukopa iwepo, na ninaitaka iwe migumu. Nimeona bajeti ambazo riba inakula fedha za dawa. Lakini mpaka wenye manufaa ungehesabu uwekezaji baada ya kutoa uchakavu, ukisimamiwa na ofisi isiyo chini ya waziri. Ungeruhusu dharura iishe polepole, miaka miwili au mitatu, badala ya kukatika usiku wa tarehe 31 Desemba. Na namba zake zingekaa kwenye sheria inayohitaji wingi mkubwa wa kura kuliko kawaida, huku katiba ikibaki na kanuni. Namba iliyofaa mwaka 2009, vita ikiwa mbali na riba ikiwa bado juu, haikufaa mwaka 2019, na mwaka 2025 iliwashinda hata watetezi wake.

Maana Friedrich Merz, kiongozi wa CDU, chama kilichoshinda Karlsruhe na kilichoahidi kwenye kampeni kuishikilia breki, alishinda uchaguzi wa tarehe 23 Februari 2025, na kabla hata ya kuapishwa akataka kuilegeza. Marekani ilikuwa ikitia shaka ahadi zake za kuilinda Ulaya, na Ujerumani ilihitaji silaha haraka. Lakini kwenye Bunge jipya vyama vya katikati visingefikisha theluthi mbili. Kwa hiyo likaitwa Bunge la zamani, lililokuwa na siku chache tu za uhai. Vyama vya AfD, cha mrengo mkali wa kulia, na Die Linke, cha mrengo wa kushoto, vilikimbilia mahakamani kulizuia, vikashindwa. Chama cha Kijani kiliuza kura zake kwa bei nzuri: euro bilioni 100 kwa mfuko wa tabianchi, na sharti kwamba fedha mpya ziwe za uwekezaji wa ziada. Tarehe 18 Machi wabunge 512 walikubali, 206 wakakataa. Matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia moja ya pato la taifa yakaondolewa kwenye hesabu ya breki. Mfuko wa euro bilioni 500 kwa ajili ya miundombinu ukaandikwa ndani ya katiba. Majimbo nayo yakaruhusiwa asilimia 0.35 yao kwa pamoja. Baraza la majimbo, Bundesrat, likaidhinisha siku tatu baadaye.

Serikali ya Merz iliahidi tume ya wataalamu ya kupendekeza marekebisho ya kudumu. Wataalamu hao waandike lolote, lakini Bundestag iliyochaguliwa Februari 2025 ina viti 630, na theluthi mbili yake ni 420. CDU na CSU walipata 208, SPD 120, Kijani 85, jumla 413. Zinapungua kura saba, na wenye kura za kutosha kuziba pengo hilo ni AfD iliyopata viti 152 au Die Linke iliyopata 64, vyama viwili ambavyo CDU imeazimia kutoshirikiana navyo.